Miguu Ndani ya Sufuria

Mhadhara uliotolewa Runzewe, wilayani Bukombe, mbele ya walimu, wanafunzi wa sekondari, warina asali, wafugaji na wachimbaji wadogo



Nimeombwa nizungumze juu ya ndege wa porini ambao watu huwafanya kitoweo. Nimekubali haraka, kwa sababu hili ni somo ambalo kila aliyemo humu analijua kiasi, hata kama ujuzi wenyewe ni wa meno. Mwalimu wa fizikia hana bahati hiyo.

Nianze na miguu. Hapa mezani nina miguu miwili iliyokaushwa: mmoja wa jogoo wa kienyeji, mwingine wa kanga wa kufugwa. Naomba ipitishwe huko nyuma. Ukiupokea, utazame upande wa kisigino, juu kidogo ya kile kidole kifupi. Jogoo ana kipi, ile pembe anayopigania. Kanga hana, pale pana magamba matupu, laini, kana kwamba hakuzaliwa kwa ugomvi. Sasa mfikirie kwale wetu wa huku, yule mwenye koo jekundu lisilo na manyoya, anayekimbia mbele ya pikipiki alfajiri kwenye barabara ya Bwanga na kukataa kuruka mpaka tairi limkaribie. Miguu yake ni myekundu, na dume lake lina kipi kikali. Aliyewahi kumnyonyoa ataujua mguu huo hata ukitolewa kwenye mchuzi.

Mtu wa namna hiyo angefaa sana katika milima ya Udzungwa mwaka 1991. Wataalamu wa ndege kutoka Denmark, Lars Dinesen na wenzake, walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya milima hiyo. Wakakuta ndani ya sufuria ya chakula miguu miwili ambayo haikufanana na ya kuku, wala ya kwale yeyote waliyemjua. Mwenye miguu alikuwa ameshaliwa. Ikabidi waingie msituni kumtafuta aliye hai, na wakampata. Mwaka 1994 walimtangaza katika jarida la Ibis la Uingereza, na wala hawakumweka katika ukoo wowote wa kwale wa Afrika. Walilazimika kumfungulia jenasi yake mwenyewe, Xenoperdix. Jina lake kamili ni Xenoperdix udzungwensis. Sisi tumwite kwale wa Udzungwa.

Tuelewane uzito wa jambo hili. Kupata mdudu mpya msituni ni kazi ya kila msimu. Kupata ndege mpya ni nadra. Kupata ndege mpya ambaye hana hata ndugu wa karibu katika bara zima, tena mkubwa wa kutosha kuwa chakula cha jioni, mwishoni mwa karne ya ishirini, katika nchi ambayo Wajerumani na Waingereza walikuwa wameizunguka na bunduki na madaftari yao kwa zaidi ya miaka mia, hilo ni tukio. Na kumbukeni kwamba aliyemtega ndege yule alijua anapopita, na aliyempika alijua kwamba analika.

Ni ndege wa sentimita 29 hivi kutoka mdomo hadi mkia, na uzito wake hauzidi robo kilo. Mgongo ni wa kahawia iliyochanganyika na kijani cha zeituni, wenye mistari myeusi. Uso una rangi ya kutu. Kifua na tumbo ni kijivu chenye madoa meusi. Mdomo ni mwekundu, miguu ni ya njano, na kipi hana. Anaishi kuanzia kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari kwenda juu, katika misitu ya Ndundulu, Luhomero na Nyumbanitu, mahali ambapo ukungu hushuka mpaka chini na mavazi hayakauki. Hutembea kwa vikundi vidogo, taratibu, akigeuza majani makavu na kuokota kilichojificha chini: mbawakawa, siafu na sisimizi, mbegu. Akishtuka hukimbia; akizidiwa huruka hapo karibu tu. Usiku hupanda mtini kulala.

Ndugu zake wa karibu wako wapi? Wako Asia. Ukoo unaofanana naye zaidi ni ule wa kwale wadogo wa milimani wanaoitwa Arborophila, wanaoishi kuanzia misitu ya Himalaya na kusini mwa China hadi visiwa vya Indonesia. Waliomtangaza waliliona hilo katika umbo na manyoya, na uchunguzi wa vinasaba uliofuata ukawaunga mkono. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani sana, zama zinazohesabiwa kwa mamilioni ya miaka, Afrika na Asia ziliunganishwa na ukanda wa misitu uliopita pale ambapo leo pana majangwa ya Arabuni. Wanyama na ndege walipita. Kisha hali ya hewa ikakauka, misitu ikafa katikati, na waliobaki upande huu wakakwama.

Wakakwama wapi? Katika milima tunayoiita Tao la Mashariki, vipande kumi na vitatu vya milima mikongwe kuanzia Taita nchini Kenya, kupitia Upare, Usambara, Nguru na Uluguru, mpaka Udzungwa na Mahenge. Milima hii hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana misitu yake ilidumu hata zama ambazo nchi za ndani zilikauka. Kwale yule anaishi pale kwa sababu ni mahali pekee ambapo sakafu ya msitu haikuwahi kukauka kabisa. Nawaomba mlishike neno hilo, sakafu, kwa maana ndilo lililonileta Runzewe.

Mwaka 2003 Jon Fjeldså na Jacob Kiure walichapisha habari za kwale mwingine wa jenasi hiyo hiyo kutoka msitu wa Mafwemiro, katika milima ya Rubeho. Mwanzoni alidhaniwa kuwa ni tofauti ya nyumba moja tu. Mwaka 2005 vinasaba na maumbile vilionyesha kuwa hao ni spishi mbili. Kutoka Udzungwa mtu anaweza kuiona Rubeho siku ya anga safi, lakini katikati pana bonde la Ruaha Mkuu, lenye joto, mibuyu na miiba. Kwale wa ukungu havuki bonde hilo. Wamekaa pande mbili muda mrefu kiasi cha kuwa watu wa makabila mawili yasiyooana.

Kuna kisa kinachofanana na hiki, na kimetokea kwa jirani zetu wa Kongo. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin alikuwa Avakubi, katika msitu wa Ituri. Huko akaona unyoya mmoja kwenye kofia ya mwenyeji. Hakuutambua. Aliuhifadhi zaidi ya miaka ishirini, akiulinganisha na kila ndege aliyemjua, bila jibu. Mwaka 1936 alikuwa Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren, akawakuta juu ya kabati ndege wawili waliojazwa pamba, wenye kibandiko kinachosema ni matausi wa India wachanga. Unyoya wake ulikuwa wao. Ndege huyo alikuwa tausi wa Kongo, Afropavo congensis, tausi pekee wa asili wa Afrika, na ndugu zake wote wako Asia. Mwaka uliofuata Chapin alirudi Kongo na kumpata akiwa hai. Wawindaji wa msituni hawakuona ajabu yoyote. Kwao alikuwa nyama ya siku zote.

Mara mbili, basi, katika misitu ya Afrika Mashariki na Kati, ndege mkubwa aliyefichika kwa wasomi alikuwa wazi kwa mtegaji, mpishi na mvaa kofia. Maoni yangu ni kwamba hii ni aibu kidogo kwa wasomi, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Wangeuliza jikoni kwanza, wangeokoa miaka mingi.

Sasa turudi huku kwetu. Runzewe si Udzungwa. Hapa hatuna ukungu wa milimani. Tuna miombo, mbuga za majani, ngitili, mashamba ya mahindi na karanga, na upande wa kusini lile pori la Kigosi ambalo warina asali wengi mliomo humu mnalijua kuliko mimi. Kaskazini magharibi tuna Burigi-Chato, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ndege wetu wa kitoweo ni kanga na kwale, na kwa mwenye bahati, kororo.

Kanga hana haja ya utangulizi. Uzito wake hupita kilo moja, kichwani ana pembe ya mfupa, na hutembea kwa makundi yanayosikika kabla ya kuonekana. Mvua zikianza, kundi huvunjika wawili wawili. Jike hutaga chini, kwenye kishimo cha majani, mayai kumi hivi yenye ganda gumu kuliko la kuku, na hulalia kwa siku 26 hadi 28. Vifaranga huanza kurukaruka kabla hawajatimiza mwezi, na ni lazima, kwa maana chini kuna nyoka, nguchiro na paka pori. Kifaranga wa wiki ya kwanza hali mahindi, anakula wadudu. Hilo wakulima hulisahau. Mnamwona kanga shambani akifukua mbegu za karanga, mnakasirika, na mna haki. Lakini miezi mingine yote anakula kumbikumbi, panzi, viwavi na mbegu za magugu, na ng'ombe wanapopita anaokota hata kupe.

Kuhusu kuwaua kwa nafaka iliyotiwa sumu nitasema kwa ufupi. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, imeshuhudiwa watu wakitumia dawa ya wadudu ya karbofurani kunasa ndege wa mashamba ya mpunga na kuwauza kama nyama. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha. Mwenye kununua ndege asiye na jeraha la mtego wala la risasi ajiulize alikufaje. Na sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa kila uwindaji, kanga akiwemo. Maofisa wa wanyamapori wapo wilayani na ni kazi yao kueleza taratibu, basi waulizeni.

Kororo ni mwingine kabisa. Badala ya pembe ya mfupa ana kishungi cheusi cha manyoya yaliyojikunja, na mwili wake mweusi una madoa ya samawati. Kanga anapenda uwazi. Kororo anataka kivuli. Utamkuta katika misitu ya kingo za mito na vichaka vizito upande wa Kagera na Kigoma, na kule Mahale hutembea chini ya miti yenye nyani na kima, akiokota matunda wanayoyaangusha juu. Ana jambo moja ambalo mpishi peke yake huliona. Ukimpasua kidarini, ule mfupa wenye umbo la panda una kikombe, na bomba la pumzi hushuka likajikunja ndani ya kikombe hicho kabla ya kwenda mapafuni. Kanga hana kitu hicho.

Nimewapanga hivi kwa makusudi. Kanga anavumilia shamba, mradi apate mti wa kulala na maji ya kunywa. Kwale mwenye koo jekundu anataka kichaka cha kujificha pembeni mwa shamba. Kororo anataka msitu uliofunga juu. Kwale wa Udzungwa anataka msitu uliofunga juu, wenye unyevu mwaka mzima, usiokatika. Kadiri ndege anavyotegemea majani makavu yaliyolala chini, ndivyo anavyopotea upesi. Tunapobishana juu ya mitego, na mitego kweli inaua, tunasahau kwamba kundi la kanga lililotegwa huweza kujazilia pengo baada ya mvua mbili njema. Majani yaliyooza chini ya mti, na mchwa, mbawakawa na minyoo wanaoishi humo, yakiungua au yakipigwa jua baada ya mti kukatwa, hakuna yai litakalosaidia.

Mkoa wa Shinyanga, ambao Bukombe ilikuwa sehemu yake mpaka Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, unayo historia ya jambo hili kuliko mahali pengi. Katika miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa na kuchomwa kwa amri, watu wakiitwa kwa maelfu, ili kuondoa mbung'o na kuokoa mifugo. Aliyeongoza majaribio hayo alikuwa Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, ambaye baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o akiwa na makao hapo Shinyanga, hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mtu huyu hakuwa adui wa viumbe. Alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege, na kuna ndege mdogo wa sakafu ya msitu anayeitwa kwa jina lake, Swynnertonia. Ndege huyo anaishi, miongoni mwa mahali pengine, katika misitu ya Udzungwa. Mtu mmoja, mikono miwili: mmoja unaandika majina ya ndege wa msituni, mwingine unatoa amri ya kufyeka. Simhukumu. Mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe, na ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu. Lakini baada ya miaka arobaini ya kufyeka, pamba na mifugo mingi, sehemu kubwa ya Shinyanga ilibaki uwanja, na kuni zikawa safari ya siku nzima.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Busara yake ilikuwa kwamba haukuleta dawa kutoka nje. Ulichukua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili lifae kiangazi, ukaitanua. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti haikupandwa sana, iliachwa. Visiki vya migunga na mihale vilichipua vyenyewe, majani yakaanza kulala chini, na ndege wakarudi bila kuitwa. Kwale ni wa kwanza kurudi katika ngitili, kisha kanga. Wafugaji mliomo humu mmeliona hilo kwa macho yenu.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sakafu ya msitu ikiharibika imekwisha habari. Kwa miombo na ngitili, hurudi, ikipewa miaka. Kwa msitu wa ukungu wa Ndundulu sina matumaini hayo, maana kule hakuna mahali pa karibu ambapo ndege atatoka aje kujazilia. Ndiyo sababu kwale wa Udzungwa yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, ingawa makazi yake yanalindwa na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero, iliyotangazwa 2007.

Ninyi wachimbaji wa maduarani, nina neno nanyi. Najua kwamba duara la mgodi bila matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, ni kaburi, na kwamba anayesema msikate mti hata mmoja hajawahi kushuka futi mia chini akisikia udongo unatoa sauti. Lakini tazameni namna matimba yanavyokatwa. Hukatwa magogo manyoofu ya unene mmoja, kutoka mahali pamoja, mpaka mahali pale pawe wazi. Kisha mchoma mkaa anamaliza matawi, na mwisho moto wa kiangazi unapita. Ni mikono mitatu, kila mmoja ukimsingizia mwenzake. Miti ya kupandwa inaweza kuwa matimba. Ekari ya mikaratusi iliyopandwa karibu na machimbo ina faida kwa mwenye nayo, na kila gogo linalotoka humo ni gogo ambalo halikutoka Kigosi. Wenye maduara mna fedha ya kuanza shamba kama hilo kuliko serikali ya kijiji.

Na warina asali: moshi wenu unawatoa nyuki, lakini mwenge unaotupwa chini Agosti unateketeza kila kitu mpaka barabara kuu. Uzimeni kwa maji, kisha kwa udongo.

Mwisho nina ombi dogo kwa wanafunzi. Walimu wenu wa biolojia wamekubali kufungua daftari moja katika kila shule. Mkisikia au mkiona kororo, siyo kanga, kororo mwenye kishungi, andikeni tarehe, mahali na aina ya miti iliyokuwepo. Msiandike mnachodhani, andikeni mlichoona. Waulizeni pia babu zenu waliowinda na mama zenu waliopika walimpata wapi zamani, na mwaka gani walimwona mara ya mwisho. Daftari lianze Jumatatu.

Karibuni kwa maswali.